Kila Mtoto na Njia Yake?

Watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawafanani kwa namna ya kujifunza. Mmoja apenda kusikiliza, na jioni aweza kusimulia yote aliyoyasikia darasani. Wa pili haridhiki mpaka aone picha ubaoni. Wa tatu hutaka kushika kitu kwa mikono yake. Wahenga walisema: kila ndege huruka kwa ubawa wake. Lakini je, hiyo ndiyo sababu ya mmoja kufaulu na mwingine kushindwa?

Swali hili ni zito kwa wazazi wa Lubarika na wa bonde lote la Ruzizi. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za umma katika Kongo hufundisha bila karo, na watoto wengi wameingia darasani. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hawezi kumtungia kila mtoto somo lake. Basi mtoto anayechelewa kuelewa huambiwa upesi: "Wewe ni wa jembe, kitabu si chako." Neno hilo laweza kumfunga maisha yake yote.

Mbegu hupimwa kwa mavuno

Lubarika pana kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA. Mkulima ajua kwamba mbegu haisifiwi kwa kupendeza macho. Hupandwa, na mavuno ndiyo yatoayo hukumu. Mafundisho nayo yapasa kupimwa vivyo hivyo. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wataalamu wa Marekani, walichunguza maandiko mengi juu ya jambo hili. Waliona kwamba wanafunzi kweli wana mapendeleo yao. Lakini hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba apendaye kusikia hufaulu zaidi akifundishwa kwa masikio, au apendaye picha akifundishwa kwa picha.

Mara nyingi somo lenyewe ndilo lichagualo njia. Matamshi ya Kifaransa lazima yasikiwe. Ramani lazima itazamwe. Kuota kwa haragwe lazima mkono upande, na jicho lingoje siku kwa siku.

Tuseme mwalimu afundisha habari za mto Ruzizi. Kwanza asimulia jinsi utokavyo Ziwa Kivu, lililo juu ya bahari kwa mita 1,460 hivi, ukateremka hata Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi. Kisha auchora ubaoni. Halafu watoto waufinyanga kwa udongo na kufanya hesabu: mto umeshuka karibu mita 690. Hapo kila mtoto amekuta mlango wake, tena amepita na milango ya wenzake.

Tufunge kitabu

Pendeleo laweza pia kutudanganya. Wanafunzi wengi hupenda kusoma ukurasa ule ule mara nyingi, kwa maana ni kazi nyepesi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, walitoa habari za jaribio lao. Kundi moja lilisoma habari katika vipindi vinne. Kundi lingine lilisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika bila kitabu yote liliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano wasomaji walikumbuka asilimia 83, na wenzao 71. Lakini baada ya juma moja wasomaji walibaki na 40, na wenzao 61.

Enyi wanafunzi, someni, kisha fungeni kitabu mkajiulize. Kazi hiyo haipendezi mwanzoni, lakini ndiyo iwekayo akiba.

Nanyi wazazi, msiseme, "Sisi hatukusoma, tutasaidia nini?" Jioni mwulizeni mtoto, kwa Kifuliru au kwa Kiswahili: "Leo umejifunza nini?" Akisimulia, amekwisha kurudia somo lake. Na akiwa mzito, kabla ya kumhukumu tuangalie kama auona ubao, kama asikia vema, na kama alikula asubuhi.

Tuheshimu basi pendeleo la mtoto, liwe mlango wa kuanzia. Lisiwe ukuta wa kumfungia ndani. Ndege huruka kwa ubawa wake, lakini hakuna arukaye kwa ubawa mmoja.