Dole gumba la mzee Clark

Mwaka 1844 kengele ya chakula ilivunjika katika shule ya Phillips Academy, mjini Andover, Marekani. Mwanafunzi mmoja, George Clark, alichukua vipande vyake, akaviyeyusha ili ajaribu kuunda kioo cha darubini. Baba yake, Alvan, alikuwa mchoraji wa sura za watu, hakuwahi kufundishwa kazi ya vioo. Akaingia kumsaidia mwanawe, na hakutoka tena.

Jicho la mchoraji lilimfaa. Alipopewa nafasi ya kuchungulia darubini ya inchi 15 ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyoagizwa Ujerumani kwa fedha nyingi, aliona kasoro ndogo kwenye lenzi yake. Akajiambia kwamba hata yeye angeweza. Wamarekani wenzake hawakumjali, kwani kitu kizuri kilikuwa cha Ulaya. Ajabu ni kwamba aliyemtangaza ni Mwingereza, kasisi William Dawes, aliyeanza kununua lenzi zake miaka ya 1850.

Karakana yao, Alvan Clark & Sons, ilikuwa Cambridge, Massachusetts. Vioo vibichi viliagizwa kutoka Birmingham, baadaye Paris. Wao kazi yao ilikuwa kusugua. Mashine ilimaliza kazi ya mwanzo, kisha lenzi ikajaribiwa kwa kutazama nukta ya mwanga. Palipoonekana hitilafu, mzee alichovya dole gumba kwenye unga mwekundu laini, akasugua hapo hapo, kidogo tu. Kisha wakangoja kioo kipoe, maana joto la kusugua hukivimbisha, na kioo kilichovimba hakisemi kweli.

Usiku wa tarehe 31 Januari 1862, mwana mdogo, Alvan Graham, alielekeza lenzi mpya ya inchi 18.5 kwenye Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Pembeni akaona kinyota hafifu. Mwanaastronomia Mjerumani, Bessel, alishasema mwaka 1844 kwamba Sirius inayumba kana kwamba inavutwa na mwenzake asiyeonekana. Sasa mwenzake alikuwa amenaswa. Lenzi hiyo iliagizwa na Chuo Kikuu cha Mississippi, lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaingilia kati, ikaishia Chicago.

Mara tano familia hii ilitengeneza lenzi kubwa kuliko zote duniani. Kwa ile ya inchi 26, mwanaastronomia Asaph Hall aligundua miezi miwili ya sayari ya Mars mwaka 1877. Ya inchi 36 ikapandishwa mlimani California, kwa fedha za tajiri James Lick, ambaye amezikwa chini ya darubini yenyewe. Ya mwisho, ya inchi 40, ilikwenda kituo cha kutazamia nyota cha Yerkes mwaka 1897, na hakuna darubini ya lenzi ya utafiti wa nyota iliyowahi kuishinda kwa ukubwa.

Mzee alikufa 1887, George 1891, na Alvan Graham wiki chache tu baada ya kuikabidhi lenzi ya Yerkes. Kazi ikashikwa na Carl Lundin, fundi Msweden waliyemfundisha wenyewe, na baada yake mwanawe Robert.