Jina lako ndani ya kompyuta

Ndugu mliokimbilia Butembo na Beni, kabla ya kupewa msaada mnaandikishwa: jina, kijiji, idadi ya watoto, pengine na alama za vidole. Orodha hiyo husaidia kugawa kwa haki. Lakini ikiangukia mikononi mwa wenye silaha, itawaonyesha nani alitoka wapi. Rwanda, mwaka 1994, kabila lililoandikwa kwenye kitambulisho lilitosha kumuua mtu kizuizini. Viongozi, tunawaomba muulize: Habari hizi ni za kazi gani? Nani ataziona? Zitatunzwa hadi lini? Tangu Machi 2023, sheria ya dijitali ya Kongo inalinda habari za kila mtu. Kuuliza si kukataa msaada. Ni kulinda jamaa zetu.