Tabo ya gari inayokufa kila mara: Kiini aghalabu huwa kwingine

TABO ya lori ikiharibika mara moja, mwenye gari huhesabu hiyo kuwa bahati mbaya. Ikiharibika mara ya pili baada ya miezi michache, humlaumu fundi. Ya tatu inapokufa, lawama humwendea aliyeuza spea, na kufikia hapo faida ya msimu mzima imekwisha kuliwa na kifaa kimoja kisichozidi ukubwa wa sufuria ndogo.

Ilhali katika visa vingi vya namna hii kifaa chenyewe hakina hatia. Tabo ni nadra kujifia yenyewe, huuawa. Na muuaji asipotafutwa, hubaki mumo humo ndani ya injini akiingojea ile mpya.

Suala hili ni zito hasa kwa mwenye gari la kazi, liwe kenta au pikapu, ambalo hutoka kila alfajiri na ambalo karo ya watoto na mkopo wa benki vinalitegemea. Gari la starehe laweza kuegeshwa hadi jibu lipatikane. Gari la kazi halina nafasi hiyo, hivyo mwenyewe hushawishika kufunga tabo nyingine jioni ile ile ili kesho arejee barabarani. Haraka hiyo ndiyo humgharimu.

Kazi ya tabo

Injini huchoma dizeli kwa msaada wa hewa. Kadiri hewa inavyoingia kwa wingi katika silinda, ndivyo mafuta mengi zaidi yanavyoweza kuchomwa na nguvu kuongezeka. Mnamo 1905, mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alisajili hataza ya wazo la kuutumia moshi utokao katika injini kuisukumia injini hiyo hiyo hewa. Vipo pia vifaa vya kushindilia hewa ambavyo huzungushwa kwa mkanda wa injini, lakini malori na pikapu nyingi za dizeli katika barabara zetu hutegemea tabo.

Ndani ya tabo mna feni mbili zilizounganishwa kwa shafti moja. Moshi huizungusha ya kwanza, nayo ya pili huvuta hewa kupitia chujio na kuishindilia ndani ya injini. Shafti hiyo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika tabo ndogo za pikapu kasi hiyo huweza kufika mara 200,000. Upande wa moshi, joto laweza kupita nyuzi 600 za selsiasi.

Kwa kasi hiyo, hakuna chuma kinachoweza kusuguana na chuma kingine kikasalimika. Shafti huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Utando huo ukikatika kwa sekunde chache tu, beringi huungua. Ndiyo maana maisha ya tabo yamo mikononi mwa vitu visivyo vyake: oili ya injini, hewa inayovutwa na moshi unaotolewa. Kimoja kikiwa na kasoro, yeye ndiye wa kwanza kuumia.

Mazingira yetu huongeza mzigo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Timboroa hupita mita 2,700. Hewa ya huko ni hafifu kuliko ya Mombasa, kwa hivyo tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufanya kazi ile ile. Kasoro ndogo isiyohisika pwani huweza kujitokeza mlimani.

Iliyokufa ina ushahidi

Kosa la kwanza ni kuiacha tabo mbovu itupwe kabla ya kuchunguzwa. Ifunguliwe mbele yako, kwani kila muuaji huacha alama zake.

Shafti iliyogeuka rangi ya samawati na beringi zilizoungua ni dalili kwamba oili haikufika au ilifika kwa kuchelewa. Beringi zenye mikwaruzo huonyesha kwamba oili ilifika ikiwa chafu.

Mapezi ya feni ya hewa yakiwa yamelika kama yaliyopigwa msasa, vumbi limekuwa likipenya, ama kwa sababu chujio la hewa ni bovu au bomba lake lina ufa. Yakiwa yamevunjika, kuna kitu kigumu kilichoingia: bolti, nati, au kipande cha tabo iliyotangulia ambacho hakikuondolewa katika mabomba. Feni ya upande wa moshi ikiwa imepigwa, kitu hicho kilitoka ndani ya injini, na hapo inafaa silinda zikaguliwe kwanza.

Endapo tabo inavuja oili ilhali beringi zake ni nzima, tazama bomba la kurudishia oili. Oili hurudi katika sampu kwa kuteremka tu, bila kusukumwa. Bomba likiziba au likikunjika, oili hurundikana na kutafuta njia nyingine ya kutokea. Hali huwa hiyo hiyo iwapo bomba la kupumulia la injini limeziba, au pistoni zimechakaa na kuujaza moshi ndani ya sampu.

Oili ndiyo mshukiwa mkuu

Kati ya washukiwa wote, wa kwanza kuhojiwa ni oili. Inapopitisha muda wake, hujaa masizi na kuganda katika bomba jembamba linaloipeleka kwenye tabo. Baadhi ya injini zina kichujio kidogo ndani ya bolti ya bomba hilo, nacho husahauliwa kwa urahisi. Ukifunga tabo mpya na kuirudishia bomba la zamani lililoziba nusu, umeihukumu kabla haijaanza kazi.

Wakati mwingine uchafu huanzia mbali zaidi. Mafundi wengi wanaifahamu injini ya Toyota ya 1KD-FTV, ya lita 3.0, iliyotumika katika magari ya Hilux na Prado ya miaka ya 2000. Pete za chini ya nozo zikivuja, moshi hupenya hadi kwenye oili, na masizi hujikusanya katika wavu wa sampu ambao pampu hufyonzea. Mgandamizo wa oili hushuka. Mwenye gari huona tabo imekufa, kumbe chanzo ni pete ndogo ya shaba.

Aina ya oili nayo ina uzito wake. Katika alama za API zilizo kwenye mkebe, daraja linaloanza kwa herufi C, kwa mfano CI-4, ni la injini za dizeli. Linaloanza kwa S ni la petroli. Soma kitabu cha gari, ununue kiwango kilichotajwa, tena dukani unakokuamini. Bei iliyo chini mno ya ile ya soko ni onyo.

Mkono wa dereva

Dereva anayetoka Narok na shehena ya viazi huupanda mwinuko kutoka Mai Mahiu kwa gia nzito, tabo ikiwaka moto. Akifika juu husimama kununua chakula na kuzima gari papo hapo. Injini ikizimwa, pampu ya oili nayo huzima, lakini joto halizimiki. Oili iliyosalia ndani ya tabo huungua ikawa makaa, na makaa hayo huziba njia ya oili ya kesho.

Tiba yake haigharimu hata senti. Baada ya mlima au safari ndefu, iache injini izunguke taratibu kwa dakika tatu hadi tano kabla ya kuizima. Asubuhi nayo, usikanyage mafuta pindi gari linapowaka; ipe oili muda wa kupanda.

Aidha, bomba linalopeleka hewa kutoka kwenye tabo hadi kwenye injini likipasuka, nguvu hupungua na moshi mweusi hutoka. Dereva huzidi kukanyaga, tabo nayo huzunguka kupita kiwango chake ili kufidia hewa inayopotea. Kufungua pampu ya dizeli ili gari liwe na nguvu zaidi huleta madhara hayo hayo.

Wakati wa kufunga mpya

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kabla ya tabo mpya kufungwa, oili na chujio lake vibadilishwe, bomba la kuleta oili libadilishwe, na la kurudishia lisafishwe. Mabomba ya hewa na kipoza hewa vioshwe hadi pasibaki chembe ya chuma wala tone la oili. Gundi ya gaskiti isitumiwe kwenye matundu ya oili, kwa kuwa vipande vyake hubanduka na kuziba njia.

Kisha fundi aijaze tabo oili kwa mkono, na ahakikishe oili imepanda kabla ya injini kuachwa iwake. Mgandamizo wa oili upimwe kwa geji, si kwa kutazama taa ya dashibodi pekee. Anayenunua tabo kuukuu aishike shafti kabla ya kulipa: kucheza kidogo sana kwa upande si neno, lakini isisogee kwenda mbele na nyuma, wala feni zisiguse ukuta.

Hatari isiyongoja

Dalili ya mvua ni mawingu. Mlio mkali kama wa king'ora, moshi wa rangi ya samawati na oili inayopungua bila kuonekana inakovuja ni sababu za kuliegesha gari leo, si wiki ijayo. Tabo iliyopasuka huweza kuimwagia injini oili, nayo injini ya dizeli ikaichoma kama mafuta na kupandisha kasi yenyewe. Hapo kuzima swichi huenda kusisaidie.

Likikupata ukiwa mwendoni katika gari la gia za kawaida, usikanyage klachi, kwani injini isiyo na mzigo huzidi kupaa. Baki katika gia ya juu na ukanyage breki kwa nguvu hadi gari lisimame na injini izimike. Ikishindikana kuzimika, watoe watu wote na mkae mbali. Asiwepo wa kujaribu kuziba bomba la hewa kwa mkono.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa za tabo ya pili, muulize fundi wako swali moja: ya kwanza iliuawa na nini? Akikosa jibu, bado hajamaliza kazi, na gari lako bado haliko tayari kufungwa nyingine.