Ngurumo za Magari Milimani: Sheria ya Kelele na Haki ya Jirani



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama ambao ndio walinzi wa nyumba zetu, Desemba iliyopita nilialikwa Kisii kuozesha. Ni safari ndefu kwa mtu anayetoka Mombasa. Unaiacha bahari, unapita nyika, unapita Nairobi na Bonde la Ufa, kisha unapanda milima ya kijani yenye migomba na michai hadi baridi inakulazimisha kutafuta koti. Mwenyeji wangu ni rafiki wa tangu utotoni chuoni, na nyumba yake iko mjini Kisii, mtelemkoni, karibu na makazi ya zamani ya Wanubi. Nilifika baada ya Magharibi.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa amejifungua, na arobaini yake ilikuwa haijatimia. Tuliposwali Isha tukaketi kunywa kahawa, mtoto alikuwa ndiyo kwanza amelala. Pembeni ya chumba aliketi jirani, omong'ina wa Kikisii, yaani bibi mtu mzima, aliyeleta maziwa kumtazama mzazi. Si Muislamu, lakini ujirani wao ni wa miaka mingi, na watoto wa nyumba ile humwita nyanya.

Ghafla ikaja ngurumo kutoka chini ya mlima. Ilianza kama simba anayeamka, ikapanda, ikajaza bonde zima, kisha vikafuata vishindo: pa! pa-pa! Vioo vya dirisha vilitetemeka. Kichanga kikazinduka kwa kilio cha hofu. Hayo niliyatarajia. Nisilolitarajia ni kumwona yule omong'ina akiinuka kwa wepesi usiolingana na umri wake, akiwavuta wajukuu wawili wa mwenyeji wangu kwa mikono, na kuwalaza sakafuni nyuma ya kochi. Yeye mwenyewe akajiinamisha juu yao.

Kwa muda hapakuwa na aliyesema neno. Kisha mama mwenye nyumba akamwendea, akamshika bega, akamwambia kwa upole, "Ni gari, nyanya. Ni gari tu."

Baadaye nilielezwa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, nchi ilipoingia katika machafuko baada ya uchaguzi, bibi huyu alikuwa akiishi Borabu, upande wa Nyamira, karibu na mpaka wa Sotik ambako watu walipigana na nyumba zikachomwa. Anajua kwamba vita vilikwisha. Lakini mwili wake hausomi kalenda, na kishindo kinapolia usiku hutenda kama ulivyotenda siku zile.

Dakika chache baadaye mlango ukabishwa, akaingia kijana mwenye uso wa furaha, mkononi ana mkate na sukari alivyotumwa. "Assalaamu alaykum, Ami!" Alikuwa ni mtoto wa kiume wa mwenyeji wangu. Gari lililonguruma lilikuwa lake.

Sikumkemea usiku ule, kwani mgeni hakemei nyumba ya watu. Asubuhi aliniomba nikalione gari lake, nami nikakubali. Ni Subaru Impreza iliyotumika Japani, aliyoinunua kwa fedha zake za biashara ya vipuri. Aliipiga msasa, akaipaka rangi, akabadilisha magurudumu. Kijana anaijua injini ile kama hafidh anavyoijua juzuu yake. Alinieleza kuwa silinda za Subaru zimelala zikitazamana ubavu kwa ubavu, na kwamba katika aina fulani za injini hizo mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda hayana urefu sawa, ndiyo maana sauti yake hukatikakatika tofauti na magari mengine. Gari likitoka kiwandani, sauti hiyo hupita katika sailensa, chombo chenye vyumba na matundu ndani yake ambamo mawimbi ya sauti hugongana na kufifia. Yeye aliiondoa sailensa, akaweka bomba pana lililonyooka. Kisha fundi akarekebisha kompyuta ya gari ili mafuta kidogo yawakie ndani ya bomba la moto dereva anapoachia mguu. Vile vishindo nilivyovisikia ndivyo hivyo.

"Ami," akaniambia, "watu wanatuona sisi wenye Subaru kuwa ni wahuni. Mimi sinywi, sivuti, swala sikosi. Hii ni sanaa yangu. Na polisi akinisimamisha, haniambii nimezidisha kiasi gani. Husema tu kwamba gari lina kelele. Kelele ni nini? Lori la mawe linanguruma kuliko mimi na halisimamishwi."

Wasomaji wangu, si haki kuyatupa maneno ya kijana kwa sababu tu ni kijana. Tumuulize basi mwenye sheria.

Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilizotolewa mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kuhusu magari zimeweka mambo mawili. La kwanza, mtu asiendeshe gari linalotoa sauti kubwa isiyo ya kawaida. La pili, kelele za gari zisizidi desibeli 84 linapoongeza mwendo. Kanuni hizo hizo zinaweka mipaka ya mahali: katika makazi ya watu, ndani ya nyumba, desibeli 45 mchana na 35 usiku, na usiku wa sheria huanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa nyumba za ibada ni 40 mchana na 35 usiku. Adhabu iliyowekwa katika kanuni hizo ni faini isiyozidi shilingi 350,000, au kifungo kisichozidi miezi 18, au vyote viwili. Mbali na hizo, kanuni za trafiki chini ya Sura ya 403 zinataka gari liwe na sailensa inayofanya kazi.

Desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Zikiongezeka 10, nguvu ya sauti huwa mara kumi, na sikio huisikia kana kwamba imekuwa maradufu. Kwa hiyo gari la desibeli 94 halijazidisha "kidogo tu" juu ya 84. Limezidisha mara kumi.

Hapa ndipo malalamiko ya kijana yana ukweli, na pia ndipo yanapokomea. Sharti la desibeli 84 linahitaji kipimo, na askari aliyesimama barabarani kwa kawaida hana kipimasauti mkononi. Hubaki na sharti lile la kwanza, la sauti isiyo ya kawaida, ambalo hupimwa kwa sikio. Sikio la mtu huchoka, hupendelea, na wakati mwingine huweza kunyamazishwa kwa noti. Uadilifu unataka vyombo vya kupimia vinunuliwe, lori na pikipiki visimamishwe kama Subaru inavyosimamishwa, na mwenye kosa aonyeshwe nambari aliyoivuka. Lakini nilimuuliza, "Mwanangu, wewe mwenyewe bila kipimo, hujui kwamba bomba lako si la kawaida? Si ndiyo sababu uliliweka?" Akacheka, akainamisha kichwa.

Kuna jambo jingine la pale kwao ambalo watu wa pwani hatulihisi. Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima, na ni nchi iliyojaa watu. Kwa hesabu ya mwaka 2019, Kisii ilikuwa na watu takriban 957 katika kila kilomita moja ya mraba, na Nyamira takriban 675. Hakuna barabara isiyo na nyumba kando yake. Na kwa kuwa barabara hupanda, dereva hana budi kukanyaga mafuta, yaani gari huongeza mwendo mlango kwa mlango, na kelele huwa kali zaidi mahali hasa ambapo watu wanalala. Bonde huipokea sauti na kuirudisha. Kijana anayepita kwa nusu dakika anadhani amemsumbua mtu mmoja, kumbe ameiamsha milima miwili.

Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa kelele. Nenda Keroka, mji wa soko uliokaa juu ya mpaka wa kaunti hizi mbili, ambao kila upande huudai. Gari lenye bomba wazi hutoka Kisii na kuingia Nyamira kabla mtu hajamaliza kuvuta pumzi. Kama kila kaunti itasubiri mwenzake, mama wa Keroka hatalala upande wowote. Ni wajibu wa kaunti hizi kukubaliana katika jambo hili hata kama hazijakubaliana kuhusu ushuru wa soko.

Wenzetu walio na jamaa Ghuba watakuwa wamesikia kwamba huko mambo haya si mzaha. Katika Falme za Kiarabu, gari lenye kelele hutozwa dirham 2,000 na dereva huandikiwa alama 12 nyeusi, na Sharjah imeweka rada zinazopima sauti na kupiga picha nambari ya gari. Vijana wale wale wanaonguruma Mombasa wakienda kule huwa wapole kama kondoo. Maana yake ni kwamba wanaweza kunyamaza wakitaka.

Lakini rada haitafika leo katika kila mtelemko wa Kisii, wala katika vichochoro vyetu vya Mji wa Kale. Kwa hiyo swali linarudi nyumbani. Luqman, Mwenyezi Mungu anatusimulia katika Qur'ani, alipomuusia mwanawe alimwamrisha kuwa na wastani katika mwendo wake na kuishusha sauti yake. Tazameni hekima: mwendo na sauti vimetajwa pamoja, na aliyesema ni mzazi akimwambia mwanawe, si kadhi akimhukumu mshitakiwa. Na Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, alipowataka watu waipe njia haki yake, miongoni mwa haki hizo aliitaja kujizuia kuudhi. Jirani ana haki juu yetu, Muislamu na asiye Muislamu. Usingizi wa omong'ina yule ni amana iliyowekwa kwetu.

Mchana wa siku ile shemeji yangu, mama wa kijana, aliketi naye jikoni wakimenya ndizi. Mimi nilikuwa barazani, nikisikia. Hakupiga kelele. Alimwambia, "Jana usiku uliponguruma, nyanya aliwalaza watoto chini akawafunika kwa mwili wake. Alidhani wanakuja kuuawa." Kijana hakujua. Hakuna aliyewahi kumwambia. Miezi minane gari limepita mlangoni kwa bibi yule, na kila mtu alinyamaza kwa kumwonea haya, au kwa kumpenda, au kwa kujivunia kijana wao mwenye gari. Wazee walisema, mchelea mwana kulia hulia yeye. Safari hii aliyelia alikuwa mtoto wa watu wengine na bibi wa watu wengine.

Kwa hivyo nawausia mambo machache. Mzazi aliyechangia fedha za gari ana haki ya kuuliza fundi amelifanya nini. Mke asiogope kumwambia mumewe kwamba kichanga kinashituka. Anayesumbuliwa aanze kwa maneno mema na mwenye gari, na yasipofaa, aandike saa, siku na nambari ya gari, apeleke kwa ofisi ya mazingira ya kaunti, kwa polisi au kwa NEMA, na aombe kelele zipimwe. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba ameumia.

Na sisi wenyewe tujitazame. Misafara yetu ya harusi hupita mitaani honi zikilia tangu kwa bwana harusi hadi kwa bibi harusi, ilhali kanuni zile zile zinaruhusu honi kwa kuepusha ajali tu. Vipaza sauti vyetu vya mawaidha, baada ya adhana kwisha, vina lazima gani ya kuelekezwa nje hadi saa tano za usiku, kwa mgonjwa na kwa jirani asiye wa dini yetu? Tukimwambia kijana ashushe sauti, na asikie kwamba nasi tumeshusha.

Ndoa niliiozesha salama, na bwana harusi akaenda kwa gari la kawaida. Siku ya tatu ilibidi niondoke alfajiri kuwahi basi. Nilipomaliza kuswali nilimkuta kijana mlangoni ameubeba mkoba wangu begani. Nilimuuliza, "Gari je?" Akasema fundi atamrudishia sailensa Jumatatu, inshallah, na hadi hapo hatalipitisha hapa usiku.

Tukatelemka kwa miguu kwenye ukungu hadi stendi. Tulipopita nyumba ya omong'ina taa ilikuwa imezimwa na mlango umefungwa. Kijana akapunguza hatua zake, nami nikapunguza zangu.

Wabillahi tawfiq.