Huduma ya kwanza shambani: daktari yuko mjini, wewe uko hapo

Leo tunaweka pembeni mbegu na bei za soko, tuongee jambo ambalo kwenye bajeti za mashamba yetu huwa silioni.

Ukinionyesha bajeti ya msimu, nitakuta mbegu, mbolea, dawa, dizeli ya pampu, posho ya vibarua na usafiri mpaka sokoni. Mstari wa huduma ya kwanza haupo. Na shamba hilohilo lina mapanga, mabomba ya dawa, pampu ya maji, bwawa la turubai na vibarua wanane ambao bosi wao ni wewe. Siku mmoja wao akiumia, wote watageuka kukutazama wewe. Swali ni je, utafanya nini?

Huku kwetu tuna bahati ya hospitali. Mjini Moshi kuna KCMC na Mawenzi. Ukipanda mlimani kuna Machame, Kibosho, Kilema na Marangu. Ila kati ya mgomba wako na geti la hospitali kuna njia. Masika ikianza, njia za vihambani zinateleza na gari linagoma kupanda. Huko chini tambarare, Kahe au Mabogini, unategemea bodaboda ambaye huenda muda huo yuko safari nyingine. Hapo katikati hakuna daktari wala nesi. Kuna wewe, vibarua wako, na ndoo ya maji.

Tena huduma hii haikuanzishwa na madaktari peke yao. Mwaka 1859, mfanyabiashara wa Uswisi aitwaye Henry Dunant, kijana wa miaka 31, alisafiri kwenda kaskazini mwa Italia kumtafuta mfalme wa Ufaransa. Shida yake ungeielewa vizuri: alikuwa na mradi wa shamba na kinu cha nafaka Algeria, na alitaka haki ya ardhi na maji. Akakuta vita vya Solferino vimetoka kupiganwa na maelfu ya majeruhi wamelazwa makanisani na mitaani, madaktari hawatoshi. Aliungana na wanawake wa mji wa Castiglione kuosha vidonda, kufunga bandeji na kunywesha watu maji. Kutokana na yale aliyoyaona ukazaliwa Msalaba Mwekundu. Hapa Tanzania chama hicho kipo kwa sheria ya mwaka 1962. Kwa hiyo usiseme "mimi siyo daktari". Dunant naye hakuwa daktari.

Kabla hujamgusa majeruhi

Kwanza angalia usalama wako. Kama kuna waya wa umeme wa pampu, zima kwanza kwenye swichi kuu. Kama ni nyoka, sogeeni mbali. Kama ni dawa, vaa glovu. Majeruhi wawili ni kazi ngumu kuliko mmoja.

Pili, gawa kazi kwa kutaja jina. Ukisema "jamani, mtu apige simu", kila mtu atasubiri mwenzake apige. Mwambie fulani apige simu, fulani aite usafiri, fulani akasimame barabarani kuelekeza gari.

Tatu, angalia kama anapumua. Kama anapumua lakini hajitambui, mlaze kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo, na usimpe kitu chochote mdomoni. Kama hapumui, mlaze chali sehemu ngumu, weka viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi. Mkichoka, pokezaneni. Sehemu hii usiishie kusoma tu, nenda ukajifunze kwa vitendo.

1. Sumu ya dawa za shamba

Kwenye mafunzo nikiuliza mtu aliyelewa dawa apewe nini, jibu la kwanza huwa ni maziwa. Hapana. Usimpe maziwa na usimtapishe. Maziwa hayaui sumu, na akitapika huku nguvu zimemwishia, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Dalili uzijue. Dawa nyingi kali za wadudu, kama zile za kundi la oganofosfeti (profenofosi ni mojawapo), humfanya mtu atoke jasho na mate mengi, machozi, tumbo kukata, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli kucheza na pumzi kuwa nzito. Kibarua anaweza kukwambia "ni jua tu, bosi". Ukiona mate na jasho vinamtoka namna hiyo baada ya kupulizia, usibishane naye.

Mtoe eneo lenye dawa. Mvue nguo zote zilizolowa, buti pia, kwa sababu sumu inaendelea kupita kwenye ngozi. Muoshe kwa sabuni na maji mengi, nywele na kucha zikiwemo. Kama imeingia machoni, mwagia maji safi polepole kwa dakika 15 hadi 20. Na usimpeleke kuogea kwenye mfereji! Teka maji kwa ndoo umuoshee pembeni, maana mfongo huohuo kuna watu na mifugo wanaoutegemea huko chini. Kama hapumui na mdomoni kuna dawa, usimpulizie kwa mdomo wako. Kandamiza kifua tu.

Halafu mpeleke hospitali pamoja na lebo ya dawa, au piga picha lebo nzima kwa simu. Daktari akijua aina ya sumu anajua aanzie wapi. Kwa oganofosfeti kuna dawa ya atropini, ila hiyo ni ya hospitali. Ndiyo maana nasisitiza kila siku: usihamishie dawa kwenye chupa ya maji au ya soda. Chupa hiyo haina lebo, na mtoto akiiona anajua ni kinywaji.

2. Panga na damu

Msimu wa kupogoa kahawa na kukata majani ya ng'ombe, mapanga hayapumziki. Mtu akijikata, chukua kitambaa safi, kanga au fulana safi inatosha, ukandamize moja kwa moja juu ya kidonda kwa nguvu. Usifunuefunue kuangalia. Damu ikilowesha, ongeza kitambaa juu ya kile cha kwanza na uendelee kukandamiza, kisha funga vizuri.

Kufunga juu ya kidonda ni hatua ya mwisho, pale damu ya mkono au mguu inaporuka na haizuiliki. Tumia kitambaa kipana, siyo kamba ya katani wala waya. Kaza sentimita 5 hadi 7 juu ya kidonda, siyo kwenye kiungo, andika saa uliyofunga, na usikifungue mpaka hospitali.

Majivu, udongo, unga wa kahawa, mafuta ya taa: vyote hivyo viache. Vinaingiza uchafu, na daktari ataanza kwa kuvikwangua. Kama kidole kimekatika, kifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko wa plastiki, kisha mfuko huo uuweke juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu.

3. Nyoka

Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na wanaoumwa zaidi ni watu wa mashambani kama sisi. Kifutu, ambaye wengine wanamwita moma, hulala kwenye nyasi kavu bila kukimbia, ndiyo maana watu wanamkanyaga. Swila hutema sumu machoni, na hapo dawa yako ni maji mengi kwa dakika 15 hadi 20, kisha hospitali.

Aliyeumwa mtulize, mvue pete, saa na viatu kabla hajavimba, mfunge banzi kama aliyevunjika mfupa, na abebwe. Asitembee. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, usipoteze muda na jiwe jeusi. Msimkimbize nyoka ili mpeleke ushahidi. Picha ya mbali inatosha kama ipo. Wakati mko njiani, piga simu hospitali mnayokwenda uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili msifike mahali mkaambiwa mwende kwingine.

4. Kuanguka na kuzama

Parachichi zimetuletea hela, na zimetupandisha juu ya miti. Aliyeanguka kutoka juu usimnyanyue kwa kumshika mikono na miguu kama gunia la mahindi. Mwambie asijitikise, mtu mmoja ashike kichwa na shingo vibaki vimenyooka na mwili, kisha mumviringishe kwa pamoja kwenye ubao au mlango, hiyo ndiyo machela yenu. Subirini gari. Mshikaki wa bodaboda kwa mtu wa namna hii unaweza kumharibia uti wa mgongo moja kwa moja.

Bwawa la turubai nalo linateleza. Mtu mzima anaweza kushindwa kupanda ukingo wake. Weka uzio, funga kamba yenye mafundo inayofika majini, na karibu yake weka dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko. Mtu akizama, mrushie dumu na kamba. Usiruke kumfuata.

Mambo ya kujiandaa

Sanduku lako liwe na glovu, bandeji pana, chachi safi, plasta, mkasi, sabuni, maji safi, tochi, kitambaa kipana na banzi mbili. Likae mahali pakavu ambapo kila mtu anapajua, na lisifungwe kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwako ukiwa mjini.

Bandika ukutani namba za dereva wawili wa karibu, kituo cha afya na hospitali. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112. Na kama ni ajali, mtu mmoja aende polisi kufuatilia fomu ya PF3 wakati majeruhi anatangulia hospitali. Asisubirishwe porini kwa ajili ya karatasi.

Halafu mafunzo. Msalaba Mwekundu na OSHA hufundisha huduma ya kwanza. Mkulima mmoja akiona gharama ni kubwa, unganeni kikundi kizima, kama mnavyoungana kununua mbolea. Kila shamba lipate angalau watu wawili, kwa sababu aliyefundishwa anaweza kuwa ndiye aliyeumia.

Sheria nayo ipo. Sheria Namba 5 ya 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inamdai mwajiri vifaa vya huduma ya kwanza, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008 ndiyo iliyoanzisha mfuko wa WCF. Lakini kuna jambo ambalo sheria haiwezi kukufanyia: kumfanya kibarua akwambie ameumia. Wengi huficha kidonda au kizunguzungu kwa kuogopa kukatwa posho ya siku. Waambie mapema, mbele ya wote, kwamba anayeumia kazini analipwa siku yake. Utapata taarifa mapema, wakati bado kuna cha kufanya.

Kazi ya wiki hii basi: kabla hujapulizia tena, kaa na vibarua wako dakika 20 chini ya mgomba. Uliza nani atapiga simu, nani ana pikipiki, sanduku liko wapi. Wakijikuna vichwa, hapo umeshajua pa kuanzia.

Tukutane shambani.