Rimoti ya Gari Ikipotea: Kazi ya Nyumbani na Kazi ya Fundi

Magari mengi ya kibinafsi humu nchini ni mitumba kutoka Japani, na si ajabu gari kushushwa bandarini Mombasa likiwa na ufunguo mmoja tu. Kabla ya kununua rimoti nyingine, mwenye gari anapaswa kujua kwamba ufunguo wa kisasa hubeba vitu viwili: rimoti ya kufunga na kufungua milango, na chipu ndogo inayoruhusu injini kuwaka. Katika baadhi ya magari rimoti husajiliwa nyumbani, lakini chipu kwa kawaida huhitaji mashine ya fundi wa funguo. Ndiyo maana wengine hununua rimoti ya bei nafuu, milango ikafunguka, injini ikakataa.

Kagua betri kwanza. Rimoti nyingi hutumia betri bapa ya CR2032 au CR2016, na mara nyingi hiyo ndiyo iliyokwisha. Masafa nayo lazima yalingane: rimoti za Japani hutumia karibu megahezi 315, nyingi za Ulaya 433.

Kwa baadhi ya Nissan za miaka ya 2000 zenye ufunguo wa kuchomeka, dereva huketi ndani, hufunga milango yote na kuitia loki. Kisha huingiza ufunguo kwenye swichi ya kuwashia na kuuchomoa kabisa mara 6 ndani ya sekunde 10 hivi, bila kuuzungusha. Taa za hazadi zikimweka mara mbili, huuingiza tena, huuzungusha hadi ACC na kubonyeza kitufe cha rimoti mpya. Taa zikimweka tena, rimoti imekubaliwa. Wengi hushindwa kwa kuchelewa tu, anza upya.

Kila muundo una hatua zake, na kitabu cha gari huwa kwa Kijapani. Honda kadhaa za zamani hufuta rimoti zote zoezi linapoanza, hivyo kusanya zote ulizo nazo. Ufunguo wa gari la kitufe ukiwa umetumika kwingine, usiununue kabla fundi hajauthibitisha.

Ufunguo ukiibwa, piga ripoti kituo cha polisi upate abstrakti, kisha mwambie fundi afute chipu yake kwenye kumbukumbu ya gari. Kufuta rimoti pekee hakumzuii aliye na ufunguo huo kuliwasha na kuondoka nalo.