Mdalasini una soko, lakini usiuuze kama dawa ya kisukari

SI ajabu siku hizi mteja kufika kwa muuza viungo akaulizia mdalasini, si wa pilau bali wa kisukari. Jibu la muuzaji lina uzito, kwani wapo wanaofikia kuacha vidonge.

Imani hiyo ina chanzo. Sukari ikizidi katika damu hujibandika kwenye protini za mwili. Ni mabadiliko ya ukoo mmoja na yale yanayolipa andazi rangi ya kahawia, aliyoyaeleza mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912. Yakiendelea kwa miaka, huchangia kuharibu mishipa, macho na figo. Kipimo cha HbA1c hospitalini huonyesha kiasi cha himoglobini iliyoshikwa na sukari kwa miezi miwili au mitatu.

Maabara zimeonyesha kwamba dondoo za mdalasini na karafuu hupunguza kasi ya sukari kujibandika. Lakini chupa ya maabara si mwili wa mtu. Mwaka 2003 utafiti wa Pakistan kwa wagonjwa 60, nusu yao wakila gramu 1, 3 au 6 kwa siku, ulionyesha sukari kushuka, na habari zikaenea. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2012, yaliyojumlisha tafiti 10 zenye wagonjwa 577, hayakuona tofauti ya maana katika HbA1c.

Kuna jambo jingine, nalo linamgusa mfanyabiashara moja kwa moja: kasia. Gome hili la China, Indonesia na Vietnam huuzwa pia kama mdalasini, ila lina kumarini nyingi, kemikali inayoweza kudhuru ini la anayeila kwa wingi kila siku. Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mdalasini halisi, ule wa Sri Lanka unaolimwa pia Zanzibar na Muheza, una kumarini kidogo mno.

Kijiti cha mdalasini halisi kina tabaka nyingi nyembamba na huvunjika upesi. Kasia ni gome moja nene, gumu. Ukishasagwa, jicho halitambui. Mkulima naye akibandua shina nene bila kukwangua gamba la nje, mali yake itafanana na kasia na kushuka bei. Wasrilanka hukata machipukizi membamba, wakayakwangua kwanza.

Anayeulizia wa kisukari auziwe vijiti vya chai, aambiwe vidonge viendelee.